Aliyegeuka ni Nani? Majini, Marafiki na Mapenzi katika Hadithi za Kariakoo

Katika ngano za pwani, ajigeuzaye umbo hutoka mbali. Hapana amjuaye mamake, hapana aliyecheza naye utotoni, hapana awezaye kusema alisoma chuo cha mwalimu yupi. Huingia mjini siku ya sikukuu, mzuri wa sura na mwingi wa mali, akamposa binti aliyewakataa wachumba wote wa mtaani, na siku chache baada ya harusi ikadhihirika kwamba bwana arusi ni zimwi, au chatu, au fisi. Ngano hiyo husimuliwa kwa namna nyingi, kutoka pwani mpaka Maziwa Makuu, na msikilizaji huijua kabla haijaanza. Hangojei kuambiwa aliyekuja ni nani. Anachokingojea ni namna atakavyogundulika: kwato chini ya kanzu, mkia ndani ya shuka, nzi mdomoni mwa mtu aliyedhaniwa amelala.

Ipo hadithi moja ambayo haimo katika hazina hiyo, au ikiwamo basi imefichika mno. Nayo ni hadithi ya wawili wanaojigeuza, waliokua pamoja, wanaojuana kwa kila umbo, ambao urafiki wao wa tangu utotoni ukapevuka ukawa mapenzi. Jini ampendaye binadamu yupo tele. Binadamu aoaye asichokijua naye yupo. Lakini jini na jini mwenzake, paka na paka mwenzake, wawili wasio na la kufichana, hao hawasimuliwi. Pengo hilo halikuja kwa bahati mbaya. Na pahala linapoonekana vizuri zaidi ni Dar es Salaam, mtaa wa Kariakoo, ambako hadithi za mapenzi ya majini zimepigwa chapa, zimepigwa picha na zimeuzwa kama zinavyouzwa khanga na vitunguu.

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Apitaye Msimbazi, Kongo au Sikukuu huona juu ya nguzo na kuta vibao vya waganga, na katika orodha ya maradhi wanayoahidi kuyatibu, baina ya kukosa kazi na kurejeshewa mpenzi aliyekimbia, halikosekani hili: jini mahaba. Ni pepo anayesadikiwa kumshika mwanamke au mwanamume, akamjia usingizini kama mume au mke, na kwa wivu wake akamzuilia ndoa ya halali. Mtu wa mashairi hana budi kusimama mbele ya jina hilo. Mahaba ni miongoni mwa maneno mazito kabisa ambayo Kiswahili kinayo kwa jambo hili. Malenga wa Lamu na Mombasa walilitunza kama lulu. Kariakoo limefungwa pamoja na kiumbe cha kutisha na kubandikwa ukutani kwa gundi, na chini yake nambari ya simu. Pendo likiwa kubwa kupita kiasi huitwa maradhi, na aliye nalo hutafutiwa dawa ya kulitoa.

Kariakoo penyewe ni jina lililojigeuza. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, uwanja ule uligeuzwa kambi ya wapagazi wa jeshi, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Ulimi wa watu ukalilainisha jina hilo likawa kama linavyotamkwa leo. Wapagazi hao walikusanywa kutoka pande zote za nchi, na makumi ya maelfu ya wenzao walikufa njiani kwa njaa, homa na kuhara, katika vita visivyokuwa vyao. Kwa hiyo msingi wa mtaa ni wageni. Baadaye zikasimama nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huko, ua nyuma, na kila chumba mpangaji wake. Mmoja ametoka Rufiji, wa pili Unyamwezi, wa tatu Unguja. Wanachangia choo na kisima, wanajuliana hali kila asubuhi, na usiku kila mmoja anafunga mlango wake kwa kitasa.

Hapo ndipo jini alipopangisha chumba. Katika masimulizi ya kale makao yake yalikuwa mbuyuni, pangoni, baharini, magofuni; aliyemtaka alimfuata huko, na aliyemwogopa aliepuka kupita saa za magharibi. Mjini alikuja mwenyewe mlangoni na kodi ya miezi sita mkononi. Hadithi za mitaani za Dar es Salaam, zile zilizosomwa katika magazeti ya kila wiki sehemu baada ya sehemu, zina sura inayorudi kila mara: mwanamke mzuri, peke yake, ana fedha na haijulikani anazipata wapi, hana jamaa wanaomtembelea, hapiki mchana. Majirani wanauliza anakula nini. Baada ya kurasa chache jibu linapatikana, na aghalabu ni jibu lenye damu.

Mhakiki anayesoma hadithi hizo kwa dharau hupoteza kitu. Zimeandikwa kwa haraka, ndiyo. Mhariri wake ni soko, na soko halina subira na sentensi. Lakini zina ukweli wa mpangaji. Suala linaloziendesha ndilo lile lile ambalo mwenye nyumba humwuliza kila ajaye na godoro lake: wewe nani, na nani anakujua? Katika mji ambao hapana anayeweza kulijibu kikamilifu, jini ni jina la yule ambaye jibu lake halikuridhisha. Si ajabu basi kwamba mara nyingi ni mwanamke, na si ajabu kwamba kosa lake la kwanza, kabla ya kunyonya damu ya mtu yeyote, ni kuishi pasipo mume wala kaka.

Filamu za video zilipoanza kushamiri Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilirithi suala hilo pamoja na hofu yake. Mussa Banzi, mtengenezaji aliyeipa filamu ya Kiswahili ya kutisha sura yake ya kwanza, alitoa Nsyuka, na kisha Shumileta mwaka 2005. Shumileta ni jini wa kike anayeingia katika ulimwengu wa binadamu, na kinachomwingiza ni mapenzi. Wanazuoni wameonesha jinsi filamu hizo zilivyochota kwa wenzao wa Nigeria, na hilo si aibu. Kuchota ni kazi ya kila msanii wa bandari. La muhimu zaidi ni kile ambacho Banzi alikiongeza kwenye ngano ya kale. Bwana arusi chatu wa bibi zetu hakuwa na moyo. Alikuja kula, akala au akauawa. Shumileta anataka. Kutaka kwake ndiko kunakomleta, na kwa muda mtazamaji hajui amhurumie nani. Vitisho vya filamu zile, meno na macho na sauti zilizokuzwa kwa mashine, vimechakaa kama vinavyochakaa vitisho vyote vya bei rahisi. Kutaka kule hakujachakaa. Huo ndio mchango wake, na haujapewa heshima inayostahiki.

Lakini hata Shumileta, kwa yote aliyopewa, ni mgeni. Anampenda asiyemjua, naye anapendwa kwa sura ambayo siyo yake. Mwendo wa hadithi ni ule ule: siri, shaka, kufichuka, adhabu. Msimulizi ameushika ufichuzi kama baharia aliyeshika ubao wa jahazi lililovunjika. Akiuachia anadhani atazama.

Athari za mwendo huo haziishii kwenye kioo cha televisheni. Wasomaji wa visiwani hawahitaji kukumbushwa mwaka 1995. Hofu ya popobawa ilianza Pemba, ikavuka hadi Unguja, watu wakawa wanalala nje makundi kwa makundi, wakiota moto mpaka alfajiri. Ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na kila mtu alikuwa akimtazama jirani yake mara mbili. Katika fadhaa ile mtu mmoja mgonjwa wa akili, aliyetoka bara kuja kutafuta matibabu Unguja, aliuawa na kundi lililomdhania kuwa ndiye. Alikuwa na sifa zote za bwana arusi wa ngano: mgeni, hapana amjuaye, hawezi kujieleza. Waliomuua hawakuwa wamesoma riwaya yoyote. Walikuwa wamesikia tangu utotoni hadithi moja tu juu ya ajigeuzaye, na katika hadithi hiyo hakuna pahala ambapo mtu anasimama akasema, huyu namjua.

Sasa yafaa kurudi kwenye kapu la pili la ngano, maana lipo. Edward Steere alipochapisha mkusanyiko wake wa hadithi za Unguja mwaka 1870, aliweka humo kisa cha Sultani Darai na paa. Maskini mmoja, Hamdani, alikuwa akichakura jaani kutafuta chembe za mtama. Siku moja akaokota thumuni, akanunua kwayo paa, watu wakamcheka. Usiku paa akasema. Akamwomba bwana wake ruhusa ya kwenda kujitafutia malisho mwenyewe, akawa anaondoka asubuhi na kurudi jioni. Katika malisho hayo akaokota almasi, akaipeleka kwa sultani wa mji wa mbali kama zawadi ya posa, akasema bwana wangu ni Sultani Darai. Akamvusha maskini yule kutoka jaani hadi arusini kwa maarifa yake peke yake, akaua nyoka mwenye vichwa saba, akamtwalia nyumba yake na mali yake, akamkabidhi bwana. Kisa hicho kilipendeza hata Andrew Lang akakiingiza, kwa Kiingereza, katika kimoja cha vitabu vyake vya hadithi za watoto mwaka 1901.

Watoto wengi hukumbuka almasi na nyoka. Uzito wa kisa, hata hivyo, umo katika sehemu ya mwisho, ambayo ni ya polepole na ya kikatili. Paa anaugua. Anatuma mtu ghorofani kwa bwana, aambiwe tu kwamba mwili unamuuma. Bwana anasema apikiwe uji wa mtama mwekundu, chakula cha bei ya chini kabisa katika nyumba iliyojaa kila kitu. Mke anashtuka: mpenzi gani huyu wa kumfanyia hivyo aliyekuleta hapa? Bwana anajibu kwamba ni paa tu, alimnunua kwa thumuni. Kisa hakina haraka. Mjumbe anapanda na kushuka, anapanda na kushuka, na kila mara paa anapata jibu baya zaidi. Mwisho anakufa kwa simanzi, anatupwa kisimani, na Hamdani anazindukana usingizini akajikuta yuko jaani akichakura kama kuku.

Kisomwe kisa hicho kando ya ngano ya bwana arusi, na mgawanyo unaonekana wazi. Paa ndiye rafiki wa kweli pekee katika ngano hizo mbili, na ndiye asiyejigeuza. Anasema akiwa paa, anaposa akiwa paa, anapigana akiwa paa. Hakuna anayepiga kelele kwa kumsikia akisema. Sultani anamkaribisha kama mjumbe mwenye adabu. Chatu, kwa upande wake, amevaa umbo la mtu ili apendwe, na hana urafiki na mtu yeyote. Wasimulizi wa pwani waliweka umbo na mapenzi katika kapu moja, urafiki na ukweli katika jingine, na mkono uliotia huku haukutia huko.

Lugha yenyewe inajua sababu. Kiswahili kina vitenzi vilivyofuatana kama shanga katika uzi mmoja, na kila kimoja kina hadithi yake. Kugeuzwa ni adhabu: katika Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1952, ndugu wawili wahasidi wanageuzwa manyani, na Adili anashurutishwa kuwapiga kila usiku huku akilia. Kujigeuza ni hila: ndiyo kazi ya chatu na ya Shumileta. Na kugeuka, pasipo kiambishi cha kujirejea wala cha kutendwa, kukipewa yambwa, ni khiyana. Kumgeuka mtu ni kumsaliti, na anayeweza kugeukwa kwa maana hiyo ni yule tu aliyekuwa akikuamini. Adui hamgeuki adui. Kisa cha paa kinaweza basi kusomwa upya kwa kitenzi kimoja. Paa hakugeuka. Aliyegeuka ni Hamdani, tena bila ya kubadilika hata unywele mmoja wa mwili wake.

Shaaban Robert aliukaribia mlango huu kuliko mwandishi mwingine yeyote wa zama zake. Huria, binti wa majini, anaokolewa na Adili akiwa katika umbo lisilo lake, na analipa wema kwa wema: anamtoa Adili baharini alikotupwa na nduguze. Baina yao mna uaminifu ambao hauna mfano katika kitabu kizima. Lakini mapenzi ya Adili yanakwenda kwa Mwelekevu, binadamu, na Huria anabaki mlinzi. Chanzo cha kisa hicho kimo katika Alfu Lela U Lela, kwa hiyo mtu aweza kusema Shaaban alifuata tu njia aliyoikuta. Jibu hilo halitoshelezi. Alibadili mengi mengine alipotaka. Mbwa wa kisa cha Kiarabu aliwafanya manyani. Jini na rafiki aliwaunganisha. Jini, rafiki na mpenzi, watatu katika mmoja, hakuthubutu au hakutaka.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba uoga huo ni wa pwani peke yake. Sinema za Kihindi zilipendwa Zanzibar na Dar es Salaam kwa vizazi, na miongoni mwa visa vya Bombay kile cha nyoka ajigeuzaye apendavyo ni mashuhuri. Katika Nagin ya mwaka 1976, aliyoiongoza Rajkumar Kohli, wapo kweli wawili wa jinsi moja: nyoka dume na nyoka jike, Jeetendra na Reena Roy, wanaopendana katika umbo la nyoka na katika umbo la watu. Hatimaye, mtu angesema, hawa hapa. Lakini dume anapigwa risasi mapema, na saa zilizobaki jike anazitumia kulipiza kisasi, akivaa sura ya mwanamke ambaye kila muuaji anampenda. Mapenzi ya wawili wanaojuana yalipewa wimbo na mwanga wa mwezi; kisha filamu ikakimbilia kwenye hila, ambako ilijua njia. Na upande wa pili wa dunia, Stephenie Meyer alipoanza mwaka 2005 mfululizo wake wa Twilight, aliweka humo kijana ajigeuzaye mbwa mwitu, Jacob, ambaye msichana wa hadithi anamjua tangu utotoni. Anayeshinda ni mgeni, mnyonya damu mwenye siri. Rafiki analiwazwa baadaye kwa namna ambayo afadhali isielezwe hapa.

Filamu za aina hiyo zilifika Kariakoo, na hazikufika kavu. Vibanda vya video vya Dar es Salaam vilikuwa na wasimulizi waliozitia Kiswahili, na aliyevuma zaidi ni yule aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Kazi yao imeitwa tafsiri, lakini mfasiri wa vitabu angeionea wivu na kuiogopa kwa pamoja. Msimulizi alisimama baina ya mhusika na mtazamaji, akaeleza, akashauri, akakejeli, akawapa wageni majina ya mtaani. Kwa ustadi huo alifanya jambo ambalo hadithi yenyewe ilikataa kulifanya: alimjulisha mgeni. Mtazamaji wa kibandani alimwona kiumbe wa Hong Kong au Marekani akasikia sauti ya mtu wa Dar es Salaam ikisema, kwa maneno mengine, huyu ni mwenzenu, nitakwambieni alivyo.

Basi kwa nini hadithi ya marafiki wawili imeshindikana? Sababu ya kifani inafahamika. Pasipo siri hapana ufichuzi, na pasipo ufichuzi msimulizi wa kawaida hana cha kuuza kesho. Wawili waliokua pamoja wamekwisha kuonana katika kila umbo. Ameshamwona akiwa paka mwenye upele, ameshamwona akiwa kunguru asiyejua kutua. Hakuna kwato ya kugundua. Lakini sababu hii ni ya uvivu, na washairi ndio wanaoweza kuithibitisha kuwa ni ya uvivu, kwa kuwa wao wamekuwa wakiifanya kazi hiyo kwa karne kadhaa na hawakuishiwa.

Shairi la mapenzi la Kiswahili linamgeuza mpenzi katika kila ubeti. Katika ubeti wa kwanza ni njiwa, katika wa pili ni ua, katika wa tatu chombo kilichovunja nanga, katika wa nne embe lililo juu mno. Msomaji hashtuki, wala hadai afichuliwe njiwa ni nani hasa. Anajua. Hamu yake imo katika kuona umbo lifuatalo litaongeza nini kwa yule yule. Na kinachomwezesha kustahamili mageuzi yote hayo ni kituo, ule mshororo wa mwisho ambao katika mashairi mengi hurudi vile vile mwishoni mwa kila ubeti. Amri Abedi alipozipanga sheria za utungaji katika kitabu chake cha mwaka 1954 alikipa kituo nafasi yake kama jambo la ufundi. Ni zaidi ya ufundi. Beti zinabadilika umbo. Kituo ni rafiki wa utotoni aliyeketi mlangoni, kila unaporudi yupo, na kila unaporudi maneno yake yale yale yana maana nyingine kwa sababu ya ulikotoka.

Washairi wana na neno tayari, mwandani. Limetoka ndani, nalo ni rafiki wa siri na ni mpenzi, na mara nyingi katika ubeti mmoja haiwezekani kusema ni yupi. Nathari ya mjini imelisahau. Imeweka rafiki upande mmoja na mpenzi upande wa pili, na baina yao ukuta wenye kibao cha mganga. Kisha inalalamika kwamba haina kisa kipya.

Lipo pia suala la kujibizana. Tangu zama za Muyaka bin Haji, aliyefariki Mombasa mwaka 1840, washairi wawili wamekuwa wakipelekeana mafumbo, mmoja akija kama simba, mwenziwe akimjibu kama mtego, huyu akirudi kama moto, yule kama mvua. Wengine walifanya hivyo kwa miaka, katika vita na katika amani. Hakuna aliyedanganywa na umbo la mwenziwe. Kulitambua ndilo lililokuwa tamu la mchezo, na jibu zuri lilikuwa ni kumwonesha mwenzio kwamba umemwona. Hapo mtunzi wa hadithi angejifunza kinachokaa pahala pa siri. Ni kuzidiana kujuana.

Kwa hiyo hadithi inayokosekana inaweza kuandikwa, na Kariakoo ndiko iandikwe. Wawili wazaliwe katika nyumba ya vyumba sita, Mtaa wa Sikukuu au Narung'ombe, kabla nyumba hizo hazijavunjwa kupisha maghorofa. Wajigeuze utotoni kama watoto wanavyojifunza kuogelea, kwa kubishana na kwa kuumia. Soko la Beda Amuli, lile lililokamilika mwaka 1975 na mapaa yake ya zege yaliyokunjuka kama miavuli, liwe uwanja wao wa usiku: mmoja panya wa chini kwenye ghala, wa pili popo wa juu. Moto wa Julai 2021 ulioliunguza uwakute wazee, wakitafutana moshini, na kila mmoja asijue mwenziwe usiku huo ametoka kwa umbo gani. Mwandishi atakayelifika tukio hilo hatahitaji kwato wala mkia. Atakuwa na suala ambalo ngano ya bwana arusi haijapata kuliuliza: katika maumbo yote uliyomwonea, ni lipi ulilolipenda, na akilikosa utamtambua kwa nini?

Hatari ipo, nayo isifichwe. Waandishi wa mitaani wakilishika jambo hili kwa pupa watalifanya tamu mno, majini wawili wenye sura nzuri wakiimbiana juu ya paa la ghorofa. Urafiki wa tangu utotoni si mtamu hivyo. Umejaa madeni madogo, majina ya kuudhi, kumbukumbu ya nani alilia siku ya kutahiriwa na nani aliiba andazi la nani. Mtu anayekujua kwa kila umbo anajua pia lile unalolionea haya, na anaweza kulitaja mbele ya watu. Uwezo wa kusaliti umo ndani ya mapenzi ya namna hiyo tangu ukurasa wa kwanza, na ndio utakaoipa hadithi mwendo wake pahala pa ufichuzi. Kisa cha paa kilikwisha kuonesha kinavyouma: si jino la chatu, ni bakuli la uji wa mtama mwekundu lililoteremshwa kutoka ghorofani na mtu aliyesema, ni paa tu.

Na katika ule uzi wa vitenzi kimebaki kimoja ambacho hakijapewa hadithi. Kugeukana ni kusalitiana, wawili kila mmoja kumgeuka mwenziwe. Ongeza irabu moja tu, upate kugeukiana, na wawili hao wameelekezana nyuso.